Namba aliyoisikia mjomba: tunavyowahesabu waliolazwa, kutoka mafua ya 1918 hadi korona

Machi 2021, wimbi la tatu la korona lilipopiga Mombasa, mjomba wangu alianza kukohoa. Alikuwa na miaka 61, mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi, msomaji wa magazeti na mbishi wa barazani. Siku ya tano mkewe akanipigia simu: anahema hata akiwa amekaa. Nikaomba nizungumze naye.

"Shikamoo mjomba. Nakuomba uende hospitali, wakupime oksijeni tu."

"Marahaba mwanangu." Akanyamaza kidogo, anatafuta pumzi. "Wewe si ndiye msomi? Hukusikia kwamba wakikutia kwenye ile mashine, katika watu kumi, tisa hawatoki? Niache hapa hapa kwangu."

Namba ile hakuitunga yeye. Ilikuwa imechapishwa katika jarida kubwa la kitabibu la Marekani, ikatangazwa dunia nzima, ikateremka WhatsApp mpaka ikamfikia barazani. Mimi nilikuwa nimeisoma makala yenyewe, na nilijua watu wameielewa vibaya wapi. Lakini hebu jaribu kumweleza mtu asiye na pumzi hesabu za asilimia kwa simu. Nilishindwa. Hii unayosoma ni maelezo ambayo sikuweza kumpa siku ile, na ili yaeleweke vizuri inabidi turudi nyuma miaka mia moja na kidogo.

Jedwali linalorudi kila janga

Kila virusi vipya vinapoanza kushambulia mapafu ya watu, madaktari huandika makala ya aina moja. Jina lake karibu halibadiliki: sifa za watu wazima waliolazwa, na matokeo yao. Ndani yake mna majedwali mawili. La kwanza linasema walioingia ni akina nani: umri, jinsia, nani ana kisukari, nani ana shinikizo la damu, nani ni mjamzito. La pili linasema yaliyowapata: wangapi walihitaji oksijeni, wangapi walipelekwa wodi ya wagonjwa mahututi, wangapi walirudi nyumbani na wangapi walikufa.

Ukilitazama haraka utadhani ni daftari la duka. Lakini kwa jedwali hilo serikali huamua nani achanjwe kwanza, hospitali huamua iagize mitungi mingapi ya oksijeni, na mtu kama mjomba wangu huamua aende au asiende. Likisomwa vibaya, kuna watu wanaoumia. Na limesomwa vibaya mara nyingi.

1918: kambi iliyojaa vijana

Septemba 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikielekea ukingoni, mafua makali yalizuka Camp Devens, kambi ya jeshi karibu na Boston, Marekani. Hospitali ya kambi iliyojengwa kwa ajili ya wagonjwa wasiozidi 2,000 ikajikuta na maelfu zaidi, vitanda vikapangwa mpaka kwenye varanda. Tarehe 23 mwezi huo alifika William Welch, mmoja wa madaktari walioheshimiwa sana nchini humo, akiwa na wenzake Victor Vaughan na Rufus Cole. Siku hiyo moja walikufa wanajeshi 63. Walikuta vijana wenye miili ya kazi, nyuso zimegeuka rangi ya samawati kwa kukosa oksijeni. Walipopasua maiti waliona mapafu yaliyolowa majimaji na damu. Welch, aliyekwishaona maiti nyingi maishani mwake, alishuku kwamba huu ni ugonjwa mpya kabisa.

Hakuna aliyejua kwamba ni virusi. Wengi waliamini chanzo ni bakteria aliyetangazwa na Richard Pfeiffer wa Ujerumani miaka ya 1890. Virusi vya mafua ya binadamu vilikuja kutambuliwa London mwaka 1933. Antibiotiki hazikuwepo. Tiba ilikuwa kitanda, maji, aspirini, na muuguzi ambaye mara nyingi naye alikuwa anaugua.

Sasa tulichore jedwali la Devens. Wagonjwa: wanaume. Umri: miaka ishirini na kitu. Magonjwa ya awali: hakuna. Ungeweza kusema virusi hivi vinawapenda vijana wa kiume wenye afya. Lakini ngoja. Kambini kulikuwa na nani mwingine? Ukitupa nyavu kwenye bwawa la perege, usishangae kupata perege watupu.

Ili kujua ukweli ilibidi watu waangalie nje ya kambi, kwenye vitabu vya vifo vya raia mijini. Huko ndiko ajabu yenyewe ilipoonekana. Mafua ya kawaida huua zaidi watoto wachanga na wazee, kiasi kwamba ukichora vifo kwa umri unapata umbo la herufi U. Mwaka 1918 umbo lilikuwa W: katikati palitokea mlima wa vijana. Karibu nusu ya waliokufa walikuwa kati ya miaka 20 na 40. Sababu yake wanasayansi wanaijadili hadi leo. Wengine wanasema kizazi kile kilikutana utotoni na aina tofauti ya mafua, kinga yao ikazoea adui mwingine. Wengine wanasema kinga yenyewe ya vijana ilipigana kwa nguvu mno hadi ikaharibu mapafu.

Kwa hiyo kuhusu umri jedwali la kambi lilisema kweli, ila lenyewe peke yake lisingeweza kuthibitisha. Na kuna watu ambao halikuwaona kabisa. Wanawake wajawazito walikufa kwa wingi sana katika janga lile, lakini kwenye hospitali ya jeshi huwezi kumkuta mjamzito hata mmoja.

Mafua yale yalifika pwani yetu pia, kwa meli, kupitia bandari ya Mombasa, wakati vita vya Waingereza na Wajerumani katika Afrika Mashariki havijaisha. Waliokufa vijijini hawakulazwa popote, na wengi hawakuandikwa popote. Ndiyo maana ukitafuta idadi ya vifo vya janga lile duniani utakuta makadirio yanayoanzia kama milioni 17 hadi milioni 50 na kuzidi. Pengo hilo la mamilioni ni watu ambao hakuna daftari lililowapokea.

1952: wanafunzi wanaokamua mpira

Kabla ya kufika kwenye mashine aliyoiogopa mjomba, tupite kwanza Copenhagen, Denmark. Mwaka 1952 mji huo ulikumbwa na polio. Virusi vya polio havikai mapafuni kama mafua, lakini hupooza misuli, na vikipooza misuli ya kupumulia mgonjwa hukosa hewa. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache mno za kusaidia kupumua za wakati ule, zile zinazofunika mwili au kifua. Katika majuma ya mwanzo, wagonjwa 31 waliwekwa kwenye mashine hizo. Walikufa 27.

Ukilichukua jedwali hilo peke yake utasema, kama mjomba, kwamba anayefikia hatua ya kusaidiwa kupumua ameshakwisha.

Daktari wa usingizi aitwaye Bjørn Ibsen hakukubali. Alipendekeza watobolewe tundu kooni, upitishwe mrija, na hewa isukumwe ndani kwa mkono kwa kukamua mfuko wa mpira. Wakamjaribia msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho, naye akapona. Shida ni kwamba mkono wa mtu mmoja unachoka. Basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari, takriban 1,500 kwa jumla, wakapokezana zamu usiku na mchana, kila mmoja ameketi kando ya kitanda anakamua. Vifo vilivyokuwa karibu tisa kwa kumi vikashuka chini ya nusu. Huko ndiko zilikoanzia wodi za wagonjwa mahututi tunazozijua leo.

Polio ilikuwa ile ile na wagonjwa walikuwa wa mji ule ule. Kilichobadilika ni walichopewa ndani ya hospitali. Hili tulishike, tutalihitaji.

2009: homa iliyoanza na sura ya kutisha

Aprili 2009 mafua mapya ya aina ya H1N1, yaliyopewa jina la mafua ya nguruwe, yalitambuliwa Mexico na Marekani. Habari za kwanza zilitisha: watu wazima wa makamo wanakufa kwa nimonia katika jiji la Mexico. Ilikuwa lazima zitishe, kwa sababu mwanzoni wanaopimwa ni wale waliozidiwa. Aliyekohoa siku tatu akanywa chai ya tangawizi na kurudi kazini hakuingia kwenye hesabu.

Baada ya miezi michache likatoka jedwali la wagonjwa 272 waliolazwa Marekani. Robo yao waliingia wodi ya wagonjwa mahututi, na asilimia 7 walikufa. Asilimia 73 walikuwa na angalau ugonjwa au hali nyingine tangu hapo, kama pumu, kisukari au ujauzito. Waliozidi miaka 65 walikuwa asilimia 5 tu. Wazee wako wapi? Inaelekea wengi wao walikuwa na kinga ya zamani, kwa kuwa virusi vya ukoo wa H1N1 vilizunguka duniani hadi mwaka 1957. Bibi aliyeugua akiwa msichana alikuwa na kumbukumbu mwilini ambayo mjukuu wake hakuwa nayo.

Hapa jedwali lilifanya kazi nzuri. Lilionyesha haraka kwamba wajawazito wako hatarini, wakawekwa mbele kwenye foleni ya chanjo. Pia lilionyesha unene uliopitiliza kuwa hatari, jambo ambalo kabla ya hapo halikuzingatiwa sana katika mafua. Faida zote hizo zilitoka kwenye jedwali la kwanza, lile la walioingia. Lile la pili, la matokeo, ndilo lililokuja kutupa taabu miaka kumi na moja baadaye.

2020: mtihani uliohesabiwa kabla ya kengele

Januari 2020 madaktari wa Wuhan, China, walichapisha jedwali la wagonjwa 41 wa kwanza wa UVIKO-19. Umri wa kati ulikuwa miaka 49, wengi wanaume, na 6 walikuwa wamekufa. Miezi mitatu baadaye ikaja makala ya New York: wagonjwa 5,700 waliolazwa katika mtandao mmoja wa hospitali. Umri wa kati miaka 63. Zaidi ya nusu walikuwa na shinikizo la damu, theluthi moja kisukari.

Na ndani yake mlikuwa na namba ya mjomba. Ilisema kwamba kati ya waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia, asilimia 88 walikufa.

Tuifungue namba hii taratibu. Waliowekwa kwenye mashine walikuwa 1,151. Hadi siku ya kufunga hesabu, 282 walikuwa wamekufa na 38 wamerudi nyumbani wakiwa hai. Jumla 320. Ukichukua 282 ukagawa kwa 320, unapata hiyo asilimia 88. Sasa wengine 831 wako wapi? Walikuwa bado wamelala hospitalini. Hawakufa, hawakutoka. Hesabu ile haikuwagusa.

Fikiria mtihani wa saa tatu. Dakika ya ishirini unasimama mlangoni unawauliza waliokwisha kutoka: umejibu maswali yote? Karibu wote watakuambia hapana, kwa sababu anayetoka dakika ya ishirini ni aliyekata tamaa. Kisha unaandika gazetini: asilimia 88 ya watahiniwa wamefeli. Na ukumbi bado umejaa watu wanaandika! Mgonjwa wa mashine ya kupumulia ndivyo alivyo. Anayekufa anaweza kufa siku ya tatu, lakini anayepona huhitaji majuma mawili, matatu, wakati mwingine zaidi. Ukihesabu mapema utawakuta waliokufa mbele, walio njiani kupona hujawaona.

Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Huku juu hapakuwa na kosa lolote. Waliokufa walikuwa 282 kweli. Tatizo lilikuwa asili: 320 badala ya 1,151. Na ukigawa kwa 1,151 unapata karibu asilimia 25, ambayo nayo si jibu, maana baadhi ya wale 831 wangekufa baadaye. Jibu la haki lilikuwa "tusubiri". Makala yenyewe iliwataja wale 831, na muhtasari wake ukarekebishwa siku chache baadaye ili waonekane wazi. Lakini asilimia 88 ilishapanda ndege. Marekebisho hayakuwahi kuipata.

Baadaye, tafiti 69 zenye wagonjwa zaidi ya 57,000 wa mashine zilipounganishwa, vifo vilitoka takriban asilimia 45. Ni vingi, sitaki kukudanganya. Ila kati ya kumi kutoka watano au sita, na kati ya kumi kutoka mmoja, kuna tofauti ya mtu kupanda gari kwenda hospitali au kugeukia ukutani.

Kuna kosa la pili ndani ya maneno ya mjomba: kwamba mashine ndiyo inayoua. Anayewekwa kwenye mashine ni yule ambaye mapafu yake yameshashindwa. Kulaumu mashine kwa sababu wengi wanafia hapo ni kama kuwalaumu wazima moto kwa kuwa kila nyumba inayoungua wapo. Jedwali la waliolazwa haliwezi kukuambia tiba gani inaokoa. Kwa hilo unahitaji jaribio ambalo wagonjwa wanagawanywa kwa bahati nasibu, hawa wapewe dawa na hawa wasipewe. Uingereza walifanya hivyo katika jaribio lililoitwa RECOVERY. Juni 2020 wakatangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, imepunguza vifo vya waliokuwa kwenye mashine kwa theluthi moja, na vya waliokuwa wakipewa oksijeni kwa moja ya tano. Kwa waliokuwa hawahitaji oksijeni haikuleta faida. Yaani wakati mjomba anakohoa, jedwali la New York la Aprili 2020 lilikuwa limeshapitwa na wakati. Alikuwa anaogopa wodi ya mwaka mmoja nyuma.

Mlango wa hospitali

Ningependa kuishia hapo, lakini nisingekuwa mkweli. Hofu ya mjomba ilikuwa na upande mwingine, na huo ulikuwa na ushahidi.

Mei 2021 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa mahututi wa korona katika hospitali 64 za nchi kumi za Afrika, Kenya ikiwemo. Wagonjwa zaidi ya 3,000, umri wa kati miaka 56. Ndani ya siku 30 karibu nusu walikuwa wamekufa, asilimia 48.2, wakati wastani wa dunia ulikuwa asilimia 31.5. Waliougua kisukari, figo, ini au waliokuwa na virusi vya ukimwi walikuwa hatarini zaidi. Ila watafiti walitazama pia kilichokuwepo ndani ya wodi: upungufu wa vitanda, wahudumu na vifaa. Mashine za kusafisha damu zilikuwepo katika zaidi ya theluthi mbili ya hospitali hizo, lakini kama mgonjwa mmoja kwa kumi ndiye aliyezitumia. Na kati ya wagonjwa 6,779 walioombewa nafasi kwenye wodi za mahututi, waliopata ni 3,752. Kumbuka Copenhagen: ugonjwa ule ule, matokeo tofauti, kutegemea mikono na vifaa vilivyo kando ya kitanda.

Halafu kuna wale ambao hawakufika hata mlangoni. Lusaka, Zambia, katikati ya 2020, watafiti walipima maiti 364 zilizopitia chumba cha maiti cha hospitali kuu ya rufaa. Virusi vya korona vilipatikana kwa 70. Kati ya hao, 51 walifia nje ya hospitali, na hakuna hata mmoja wa hao 51 aliyekuwa amepimwa kabla ya kufa. Wakati huo wengi walikuwa wakijiuliza kwa nini korona haiui Afrika. Jibu mojawapo lilikuwa limelazwa kwenye majokofu, halijapimwa.

Basi ukikutana na jedwali la waliolazwa, liwe la mafua, la korona au la janga lijalo, liulize maswali matatu. Nani aliweza kuingia? Nani bado yumo ndani wakati hesabu inafungwa? Na walioingia walipewa nini? Asilimia yoyote isiyojibu hayo, usiitume kwenye kikundi cha familia.

Mjomba hakwenda. Tulimtafutia mtungi wa oksijeni siku ya saba, ukafika jioni, yeye akafariki alfajiri ile kabla haujafika. Hakupimwa, kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba ilikuwa korona, na sijui kama hospitali ingemwokoa. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Mtungi ulipoletwa tuliwaambia waurudishe, kuna mwingine anauhitaji.